Ukisumbuliwa kingono au kubaguliwa kazini: pa kuanzia, pa kwenda na siku ulizonazo

Mtu akieleza kwamba bosi wake anamtaka kimapenzi, au kwamba amekatiwa zamu tangu tumbo lianze kuonekana, ushauri anaopewa nyumbani na mtaani huwa wa aina mbili: vumilia mwanangu, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi, au achana na hiyo kazi, Mungu atakupa nyingine. Wanaousema hawana nia mbaya. Ila shauri zote mbili zinambakiza mkosaji kwenye kiti chake na hasara zinakuachia wewe. Ipo njia nyingine, ina sheria nyuma yake, na wengi inawapita kwa sababu ina siku za kuhesabu.

Siku zenyewe ni hizi, ziandike kabla hujaendelea kusoma. Ukiachishwa kazi, una siku 30 za kupeleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii ambayo kila mtu anaiita CMA. Kama bado uko kazini na mgogoro ni wa kubaguliwa au kunyanyaswa, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kwa upande wa jinai, udhalilishaji wa kijinsia unaotajwa na kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu lazima ulalamikiwe ndani ya siku 60 tangu tukio. Kumsubiri meneja arudi safari, kusubiri bonasi ya mwisho wa mwaka, kusubiri "kikao kitakachoitishwa": hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosimamisha hesabu. Mtu anafika kwa msaidizi wa kisheria akiwa na jumbe zote kwenye simu, mashahidi wapo, na siku zimeshaisha. Inauma sana, na ndiyo sababu nimeanza na kalenda.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na vyombo vyake: ukiwa Unguja au Pemba anzia Kamisheni ya Kazi, ZAECA kwa mambo ya rushwa, na wanasheria wanawake wa ZAFELA. Ushauri wa kutunza ushahidi ni uleule pande zote mbili.

Kwanza kabisa, kama umeshambuliwa mwilini

Kama umebakwa au umelazimishwa tendo lolote la ngono, mambo ya barua na fomu za kazi yaache kwanza. Nenda hospitali leo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Dawa za kuzuia mimba nazo zina muda wake, uliza hapohapo. Jitahidi usioge kabla ya kupimwa. Nguo ulizovaa usizifue; ziweke kwenye mfuko wa karatasi au zifunge kwenye kanga safi, kwa sababu mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Polisi utapewa fomu ya PF3, ambayo daktari ataijaza, na namba ya RB, yaani namba ambayo taarifa yako imeandikishwa nayo kituoni. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto, una haki ya kueleza habari zako faraghani badala ya kusimulia kaunta mbele za watu. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja. Amana, Dar es Salaam, ni mojawapo. Hali yako ikiwa mbaya, tiba itangulie na fomu ifuate. Mtu akikuambia "rudi kwanza polisi" wakati saa zinakwenda, omba kuonana na daktari wa zamu au muuguzi mkuu, na usiondoke pale.

Hatua ya kwanza: kipe jina kilichokupata

Jina ndilo linaloamua mlango wa kubisha. Mambo matatu huchanganywa sana.

La kwanza ni rushwa ya ngono. Mwenye mamlaka anapokudai ngono ili akupe ajira, akupandishe cheo, akusainie mkataba mpya, akupe zamu nzuri au haki yoyote iliyo yako, ametenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Soma vizuri: kosa ni kudai. Huhitaji kuwa umekubali, wala yeye hahitaji kuwa amepata alichokitaka.

La pili ni udhalilishaji wa kijinsia: maneno, vitendo, kushikwashikwa, mizaha ya mwili wako mbele ya wenzako, picha chafu kwenye simu, hata kama hakuna ahadi wala tishio lolote. Kifungu cha 138D kinataja wazi kabisa mtu mwenye mamlaka anayemtaka mwenzake asiyeridhia, mahali pa kazi au kwingine. Kifungo ni hadi miaka 5, faini ni hadi shilingi 200,000, na mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia.

La tatu ni ubaguzi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kubaguliwa kwa jinsi, jinsia, mimba, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri, kabila au mahali ulikotoka, rangi, dini, mawazo ya kisiasa na sababu nyingine kadhaa. Kifungu hichohicho kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hizo ni aina ya ubaguzi. Kwa hiyo anayesumbuliwa kingono anaweza kwenda CMA kwa jina la ubaguzi wa kijinsia huku upande wa jinai ukiendelea polisi au TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Mlango mmoja haufungi mwingine.

Anayeomba kazi naye analindwa. Ukiambiwa kwenye usaili upime ujauzito, au uahidi kutozaa miaka miwili, hilo si sharti la kampuni, ni ubaguzi. Kukulazimisha kupima VVU ili uajiriwe kumekatazwa na sheria ya VVU ya mwaka 2008.

Kwenye mimba nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo waajiri wengi hujifanya hawajui. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Unatakiwa kumpa mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ipeleke kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukirudi ukiwa unanyonyesha, una hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Kukuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito kumekatazwa moja kwa moja. Mwajiri mjanja hatataja mimba kwenye barua. Ataandika "kupungua kwa ufanisi". Basi tafuta ripoti zako za utendaji za kabla ya kutoa taarifa ya ujauzito na za baada yake, uziweke pamoja. Ufanisi ulioanguka ndani ya wiki mbili baada ya cheti cha daktari unajieleza wenyewe.

Wanaume nao husumbuliwa, na mabosi wanawake nao husumbua. Sheria ya rushwa inasema "mtu yeyote". Mwanaume anayecheka ili yaishe ana haki ileile ya kuandika malalamiko.

Hatua ya pili: daftari

Nunua daftari dogo. Liweke nyumbani, lisikae kwenye droo ya ofisi. Andika siku ileile, kabla hujalala, kama hivi:

"Jumanne 4 Machi 2025, saa 11:20 jioni, stoo ya vinywaji. Meneja wa zamu alinifuata ndani akasukuma mlango. Akasema, 'Ukitaka zamu za wikiendi unajua cha kufanya,' akanishika kiuno. Nikamwambia, 'Bosi, mimi sitaki, naomba nipite.' Nikatoka. Koridoni nikakutana na dada wa kaunta akaniuliza mbona natetemeka, nikamweleza. Jumatano 5 Machi ratiba ilipobandikwa, jina langu halikuwepo Ijumaa wala Jumamosi. Tangu Januari nilikuwa napangwa siku zote mbili."

Angalia kilichomo. Maneno yake yameandikwa kama yalivyotoka, hata yale ya aibu. Mtu akiandika "alinitongoza" tu, msikilizaji anabaki kukisia. Jibu lako lipo. Aliyekuona mara baada ya tukio yupo, hata kama hakushuhudia tukio lenyewe. Na yapo matokeo: zamu zilizokatwa, ambazo zinahesabika kwa fedha. Ratiba ile ipige picha ubaoni kabla haijabanduliwa.

Kama ulinyamaza kwa hofu, andika kwamba ulinyamaza na kwa nini: "niliogopa, mlango ulikuwa umefungwa, yeye ndiye anayesaini mishahara." Kunyamaza si kukubali, na maelezo ya ukweli yana nguvu kuliko ushujaa wa kubuni utakaopanguliwa kwa swali moja.

Hatua ya tatu: tunza ushahidi, na usijiwekee mtego mwenyewe

Jumbe za WhatsApp zipige picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, si jina ulilomhifadhi nalo tu. Tuma nakala kwenye barua pepe yako binafsi. Usifute mazungumzo yenyewe, hata sehemu ambazo wewe uliandika jambo unalolijutia, maana mazungumzo yaliyokatwakatwa yanamfaidi yeye. Simu ya ofisi itarudishwa ofisini, kwa hiyo hamisha mapema. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na atakayeupima ataangalia ulivyotunzwa.

Kusanya na karatasi za kawaida: mkataba, kitambulisho cha kazi, hati za mshahara, barua za pongezi, ratiba. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa; miamala ya mshahara iliyoingia kwenye simu, sare na wenzake wanaomjua vinaonyesha ajira ipo. Nyaraka za siri za kampuni usizichukue. Utampa mwajiri kosa la kukushtaki nalo.

Bosi akishakutajia siku na mahali ("Jumamosi tukutane gesti fulani nikupe barua yako"), usiende ukidhani utamrekodi. Nenda TAKUKURU kabla ya siku hiyo, au piga 113 bila malipo. Wana ofisi mikoani na wilayani, na wanajua kuandaa mtego unaosimama mahakamani. Ukijiandalia wako unaweza kujikuta umefungiwa chumbani na mtu mwenye nguvu kukuzidi. Ukishamripoti, usimwambie mtu kazini kwamba umeripoti. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Omba maofisa wakueleze ulinzi unaoweza kupata.

Mitandaoni pia usiende kwanza. Hasira yako ni halali, lakini ukimtaja kwa jina kabla shauri halijafika popote, wakili wake atageuza kesi iwe ya kuchafuliwa jina, na wewe utakuwa mshtakiwa.

Hatua ya nne: usiwe peke yako

Mtafute mtu mmoja wa kazini unayemwamini na mmoja wa nyumbani. Wa kazini mweleze mapema, kwa sababu mtu uliyemweleza siku ileile ni shahidi bora kuliko uliyemweleza baada ya kufukuzwa.

Halafu chama cha wafanyakazi. Viwandani, madukani, benki na kwenye biashara kuna TUICO, serikalini na afya TUGHE, serikali za mitaa TALGWU, walimu CWT, mashambani TPAWU, hotelini na majumbani CHODAWU. Mwakilishi wa chama anaweza kuingia nawe kwenye kikao cha nidhamu na kukuwakilisha CMA bila wewe kutafuta wakili. Kama katibu wa tawi ni rafiki wa anayekusumbua, usibaki hapo ukinung'unika: panda ofisi ya wilaya au ya mkoa, na uliza kama kuna kamati ya wanawake. Vyama vingi vinazo, na mara nyingi ndizo zenye ujasiri.

Hatua ya tano: malalamiko ya ndani, kwa maandishi

Kampuni ikiwa na utaratibu wa malalamiko, utumie, lakini kwa barua. Mazungumzo ya mdomo na ofisa rasilimali watu yakiisha kwa "tutaliangalia, mdogo wangu", huna kitu mkononi. Barua inatosha ukurasa mmoja:

"YAH: MALALAMIKO YA UNYANYASAJI WA KINGONO KAZINI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhudumu idara ya vinywaji tangu Juni 2023. Tarehe 4 Machi 2025 saa 11:20 jioni, katika stoo ya vinywaji, meneja wa zamu alinishika mwili bila ridhaa yangu na kunitaka kingono ili nipangiwe zamu. Nilikataa. Tangu tarehe 5 Machi nimeondolewa zamu za Ijumaa na Jumamosi. Naomba malalamiko haya yachunguzwe na mtu asiye chini ya meneja huyo, nipangwe zamu asizosimamia wakati wa uchunguzi, zamu zangu zirudishwe, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 7."

Hakuna matusi humo, hakuna "inasemekana", hakuna historia ya wasichana wengine aliowasumbua. Wao wakitaka wataandika barua zao. Na wakikubali kuandika, pelekeni pamoja. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kuipokea, itume kwa barua pepe au kwa EMS ya posta na utunze risiti.

Msumbufu akiwa ndiye mwenye kampuni, au hakuna ofisi ya kulalamikia, barua ya kumtaka aache inatosha, kisha nenda nje moja kwa moja.

Baada ya barua jiandae kwa barua. Wengi hupokea ya kujieleza: kuchelewa, lugha mbaya kwa mteja, makosa ya mwaka juzi. Jibu kila moja, kwa wakati, kwa utulivu, na ndani ya jibu taja: "Tuhuma hii imekuja siku tano baada ya malalamiko yangu ya tarehe 10 Machi." Sentensi hiyo moja ndiyo inayoonyesha kulipiziwa kisasi. Kutumia haki yako ya kisheria si sababu halali ya kuachishwa kazi.

Usisaini barua ya kuacha kazi inayoandaliwa na ofisi, wala "makubaliano ya hiari" unayowekewa mezani saa kumi na moja jioni ukiambiwa usaini ndipo ulipwe. Sema utaenda kuisoma nyumbani. Sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, na inamhesabu kama aliyeachishwa. Ila mzigo wa kuthibitisha hilo ni mzito, na barua iliyoandikwa "naacha kwa sababu binafsi" inauongeza. Ukiona huwezi tena kubaki, na afya yako ina thamani kuliko shauri lolote, andika sababu za kweli kwenye barua ya kuacha, kwa tarehe. Siku 30 zinaanza hapo.

Hatua ya sita: CMA

Tume ina ofisi mikoani. Utachukua fomu namba 1, CMA F1. Sehemu A ni ya kila mgogoro. Sehemu B ni kwa walioachishwa kazi tu. Kwenye aina ya mgogoro taja ubaguzi na eleza sababu, mfano jinsia au mimba. Usiandike "kuonewa" peke yake. Ukiwa umeachishwa kazi na pia ulibaguliwa, hakikisha yote mawili yanaonekana kwenye fomu, maana ambalo halikuandikwa mwanzoni ni vigumu kuliingiza baadaye. Kwenye sehemu ya unachokitaka andika kurudishwa kazini, au fidia, na malimbikizo kwa kiasi. Nakala mpelekee mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uambatanishe unapowasilisha.

Kama siku zimepita, kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda. Ijaze pamoja na F1. Hapo utatakiwa ueleze sababu ya kuchelewa, na watahesabu kila siku: ulikuwa hospitali tarehe ngapi hadi ngapi, vyeti viko wapi. "Sikujua sheria" kwa kawaida haitoshi.

Usuluhishi ndio unaotangulia, na unatakiwa ukamilike ndani ya siku 30. Mtakaa chumba kimoja, wewe, mwajiri au mwakilishi wake, na msuluhishi. Kama kumkabili mtu aliyekunyanyasa kunakutia hofu, mweleze msuluhishi kabla ya kikao, aone kama anaweza kuwasikiliza kila upande peke yake. Usikose kikao, shauri linaweza kufutwa. Na usikubali kiasi cha fedha siku ya kwanza kwa sababu tu umechoka. Omba muda, mpigie mtu wa chama au msaidizi wa kisheria. Msipokubaliana, shauri linaweza kwenda kwenye uamuzi, ambako mwamuzi wa Tume husikiliza ushahidi na kuamua, au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kwenye uamuzi kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika ubaguzi, ukishaonyesha mazingira ya awali yanayoashiria ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba haukutokea, au kwamba sababu haikuwa hiyo. Daftari, ratiba na zile ripoti mbili za utendaji kazi yake ni kukufikisha hapo. Wenye ajira ya chini ya miezi 6, walio kwenye majaribio, hawawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini kifungu cha ubaguzi kinawahusu, kwa hiyo wasirudishwe getini na mtu anayesema "wewe ni wa majaribio huna haki".

Watumishi wa umma wana njia yao. Tangu mabadiliko ya mwaka 2016, mtumishi anatakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma, ambako kuna Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Rushwa ya ngono haingoji ngazi hizo: TAKUKURU wanapokea leo.

Hatua ya saba: msaada wa kisheria bila malipo

Huhitaji fedha ya wakili ili kuanza. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kiko Kinondoni. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kinasaidia wanawake wasio na uwezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, kinapokea wanaume na wanawake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo hadi ngazi ya wilaya na kata. Uliza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ukienda, beba nakala na si karatasi zenyewe halisi, orodha ya matukio kwa tarehe kwenye karatasi moja, na swali moja la kuanzia: "Siku zangu zinaisha lini?"

Dada wa kazi wa nyumbani yuko mahali pagumu kuliko wote, kwa sababu anayemsumbua ana ufunguo wa mlango anaolala ndani yake. Kwake yeye kuondoka salama kunatangulia kila kitu, hata daftari. Wa kukimbilia ni mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, Dawati la Jinsia, CHODAWU, na Mwanza kuna shirika la WoteSawa linaloshughulika na wafanyakazi wa majumbani. Akiwa hajatimiza miaka 18, piga 116, namba ya kusaidia watoto. Hata jirani anaweza kupiga, na anapaswa kupiga.

Wakati shauri linaendelea

Kesi hizi zinachosha mwili. Usingizi unapotea, chakula hakipiti, nyumbani watu wanauliza "hiyo kesi yako imefikia wapi" hadi unatamani uifute. Ongea na daktari au mshauri nasaha, na umweleze chanzo. Cheti chake kinasaidia tiba, na kinaonyesha madhara uliyopata. Endelea kuandika kwenye daftari hadi siku ya mwisho, hasa vitisho na "wazee" wanaotumwa nyumbani kuomba yaishe kifamilia. Ukitaka kusuluhisha, suluhisha mbele ya Tume, kwa maandishi.

Tuzo, yaani uamuzi wa Tume, ikitoka na hukuridhika, kuna wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ikitoka kwa upande wako na mwajiri akakaa kimya, haitajilipa yenyewe: peleka maombi ya utekelezaji mahakamani hapohapo, ukiwa na nakala ya tuzo iliyothibitishwa, na majina kamili ya kampuni kama yalivyosajiliwa.